Viberiti 12, kimoja kina uzito tofauti: namna ya kukinasa kwa kupima mara tatu

Wakuu, hili fumbo nawapaga watoto wa tuisheni hapa Kirumba, Mwanza, na karibu wote wanaanzaga vilevile, sita huku sita kule. Mizani inalala upande mmoja, halafu basi. Ilikuwa lazima ilale, kwa hiyo zamu moja imekwenda na vyote 12 bado unavishuku.

Masharti ni haya: viberiti 12 vinafanana, kimoja uzito wake ni tofauti na hujui ni kizito au chepesi. Pima mara tatu tu, useme ni kipi na kimezidi au kimepungua.

Kwanza vifaa. Mizani ya kidijitali kama unazoziona soko la samaki la Mwaloni haitakiwi, tunataka ya kulinganisha, so chukua hanga ya nguo, funga vifuniko viwili vinavyolingana kwa uzi wa nyavu, ning'iniza kwenye msumari ndani ya nyumba maana upepo wa ziwani unaiyumbisha. Ikiwa tupu ikae sawa kwanza. Viberiti vitoe njiti zote, kila kimoja tia sarafu ya shilingi 100 na ushindilie tishu isicheze, la sivyo mtoto anatikisa sikioni anakuambia jibu. Mwenzako achague kimoja kwa siri, atie sarafu mbili au asitie kabisa. Andika namba 1 mpaka 12 kwa maka peni.

Kupima kwa kwanza: 1, 2, 3, 4 kushoto na 5, 6, 7, 8 kulia.

Ikikaa sawa, hao wanane ni wazima na mbaya yuko kwenye 9 mpaka 12. Pima 9, 10, 11 dhidi ya 1, 2, 3. Ikikaa sawa tena ni 12, kipime na 1 ujue kimezidi au kimepungua. Kama 9, 10, 11 zimeshuka basi mmoja wao ni mzito, pima 9 na 10, atakayeshuka ndiye, zikilingana ni 11. Zikipanda ni hivyohivyo ila unatafuta mwepesi.

Sasa ikilala, hapa ndo penyewe. Tuseme kushoto kumeshuka (kama ni kulia, badilisha namba tu, kundi lililoshuka liitwe 1 mpaka 4). Usiseme tu "yuko kati ya nane", sema hivi: 1 mpaka 4 mmoja anaweza kuwa mzito, AU 5 mpaka 8 mmoja anaweza kuwa mwepesi. Hiyo habari ya nani alishuka ndo watu wanaitupa, na bila hiyo hutoboi.

Kupima kwa pili: kushoto weka 1, 2, 5, kulia weka 3, 4, 6. Umeona 5 amehama upande? Na 7 na 8 wako mezani.

Ikikaa sawa, mwepesi ni 7 au 8, vipime wenyewe kwa wenyewe, atakayepanda ndiye. Kushoto kukishuka, ni 1 au 2 mzito, au 6 mwepesi: pima 1 na 2, atakayeshuka ndiye, zikilingana ni 6. Kulia kukishuka ni 3 au 4 mzito, au 5 mwepesi, pima 3 na 4 kwa mtindo uleule.

Dogo mmoja aliniuliza kwa nini isiwe 13, swali zuri sana hilo. Mizani inatoa majibu matatu, kushoto, kulia, sawa, kwa hiyo mara tatu ni 3×3×3, yaani 27. Kila kiberiti kinaweza kuwa kizito au chepesi, kwa hiyo viberiti 12 vina uwezekano 24, 13 vina 26, unaona kama inatosha. Lakini baada ya kupima mara moja zinabaki zamu mbili, ambazo zinatenganisha mambo 9 tu (3×3). Ukianza nne kwa nne unaacha vitano mezani, mara mbili ni 10, ukianza tano kwa tano ikilala una washukiwa 10. Kote unazidiwa na moja.