Jinsi ya kusoma masafa ya uhakika ya asilimia

Tuseme umehoji kaya 400 za wilaya moja, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na 240 kati yake zinapikia mkaa. Hiyo ni asilimia 60. Bosi atataka namba hiyo peke yake kwenye ripoti. Usikubali: iambatanishe na masafa ya uhakika, yaani mipaka miwili ya makadirio ya kiwango cha wilaya nzima.

Hatua ya 1: Kokotoa. Zidisha 0.6 kwa 0.4, gawanya kwa 400, tafuta kipeuo cha pili: 0.0245. Zidisha kwa 1.96, namba ya uhakika wa asilimia 95, upate 0.048. Ukitoa na kujumlisha kwenye 0.6, masafa ni asilimia 55.2 hadi 64.8.

Hatua ya 2: Jua yanamhusu nani. Yanahusu kaya zote za wilaya. Zile 400 hazihitaji kukadiriwa, umeshazihesabu.

Hatua ya 3: Isome 95 vizuri. Hapa ndipo wengi huteleza, hata wenye shahada. Huandika kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kiwango halisi kuwa kati ya 55.2 na 64.8. Lakini kiwango cha wilaya kipo palepale: ama kimo humo ama hakimo. Kinachobadilika ni sampuli, yaani kaya zilizochaguliwa. Ungerudia utafiti mara nyingi, kila mara kwa kaya 400 mpya, kila sampuli ingeleta masafa yake, na takriban 95 katika kila 100 yangekinasa kiwango halisi. Jerzy Neyman, aliyeasisi njia hii miaka ya 1930, alilisisitiza jambo hilo. Mtego unanasa mara 95 kwa 100. Wa leo hujaufungua.

Hatua ya 4: Chunguza sampuli ilivyopatikana. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba katika uchaguzi wa urais Landon angemshinda Roosevelt kwa kupata asilimia 57 ya kura. Kwa fomula yetu, kosa lisingefika hata asilimia 0.1. Roosevelt akapata karibu asilimia 61. Majina yalitolewa kwa wingi kwenye orodha za wenye simu na magari, na walioandikiwa wengi hawakujibu. Fomula haiyaoni hayo. Vilevile, ukichagua vijiji 20 kisha kaya 20 kila kijiji, masafa haya huwa membamba kuliko inavyostahili, kwa sababu majirani hufanana.

Hatua ya 5: Angalia sifuri. Ukikuta 0 kati ya 60, fomula itakupa 0 hadi 0, jambo la kuchekesha. Gawanya 3 kwa 60, uandike: huenda ikafika asilimia 5.