Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuweka Picha Kubwa Katika Programu ya Simu

Anayetaka kutengeneza programu ya kumwonyesha mgeni milango ya nakshi ya Bagamoyo na makaburi ya Kaole kwa kawaida huanza na picha, tena nzuri, na mara nyingi hukosea hapo hapo kwa kuzipima kwa uzito wa faili. Faili ya JPEG ya megabaiti 4 imebanwa. Ikihitajika kwenye kioo, simu huifungua na kwa kawaida huitengea kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, baiti 4 za kumbukumbu. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 hula basi baiti milioni 48, na kuibana faili zaidi hakupunguzi hata baiti moja kati ya hizo. Milango kumi ikifunguliwa pamoja kwenye orodha hufikia milioni 480, na kwenye simu ya bei nafuu programu hujifunga bila kuaga.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika msimbo wa kuonyesha picha, ijulikane kwanza picha itakaa kwenye nafasi ya upana gani. Kioo chenye upana wa pikseli 720 hakina pa kuziweka pikseli 4000, na zinazozidi hubebwa bure. Katika Android, msanidi anaweza kusoma vipimo vya picha bila kuifungua, kwa kuwasha chaguo liitwalo inJustDecodeBounds, kisha akachagua inSampleSize, yaani kiwango cha kuipunguza picha inapofunguliwa. Thamani ya 4 hugawa upana na urefu kwa 4, hivyo hubaki pikseli moja katika kila 16, na zile baiti milioni 48 hushuka hadi milioni 3. Thamani hizi hupanda kwa kuzidisha mara mbili, yaani 2, 4, 8, kwa hiyo anayeandika 5 hupewa 4.

Ipo pia njia ya kutumia baiti 2 kwa pikseli, iitwayo RGB_565. Hupunguza mzigo kwa nusu, lakini mbingu ya alfajiri juu ya bahari huonekana ina mistari mistari. Kwa picha za pwani mimi nisingeichagua.

Maktaba za msimbo ulioandikwa tayari, kama Glide na Coil, zenyewe hupunguza picha na kutunza akiba yake, mradi zielezwe ukubwa wa nafasi. Shida hubaki kwa mgeni anayetaka kukuza picha mpaka aone kila pete ya mnyororo uliochongwa kwenye fremu ya mlango. Huyo asifunguliwe picha nzima. Zana ya Android iitwayo BitmapRegionDecoder husoma kipande kinachotazamwa tu.

Majaribio yafanywe kwenye simu dhaifu kuliko zote zinazopatikana, orodha ipitishwe haraka juu na chini, kisha simu igeuzwe upande mara kadhaa, maana kila mgeuzo kwa kawaida huijenga skrini upya, na skrini ya zamani ikiwa bado imeshikiliwa mahali fulani kwenye msimbo, picha zake hubaki zikila kumbukumbu pamoja na mpya.