Kabla hujagusa mizani: mambo ya kuangalia ukitafuta gramu za molaliti

Jamani kabla hujachota hata kijiko kimoja, soma swali mara mbili uangalie ile herufi. m ndogo ni molaliti, M kubwa ni molariti, na hapa ndo wengi wanapotea. Molariti inataka moli (kipimo cha idadi ya chembechembe ndogo za kitu) kwa lita ya myeyusho mzima, molaliti inataka moli kwa kilo moja ya kiyeyushi peke yake, yaani maji tu, chumvi haimo. Kwa hiyo ile chupa ya shingo ndefu yenye mstari irudishe kabatini, hapa kila kitu kinapita kwenye mizani, pima chumvi, pima maji, changanya, hamna kujazia mpaka mstarini.

Halafu geuza gramu za maji ziwe kilo. Tuseme unataka molali 0.5 ya chumvi ya kawaida, NaCl, kwenye gramu 250 za maji. Hiyo ni kilo 0.250, zidisha kwa 0.5 unapata moli 0.125, zidisha kwa 58.44 ambazo ndo gramu za moli moja, jibu gramu 7.305. Ukisahau kugeuza utapata gramu 7305, kilo saba za chumvi kwenye maji ya glasi moja, ukiona hivyo ujue umeteleza.

Ukipewa kiyeyushi kwa mililita tafuta densiti kwanza, yaani mililita moja ina gramu ngapi. Maji hayasumbui sana, ila mililita 250 za ethanoli ni gramu 197 tu maana densiti yake ni 0.789.

Sasa lebo ya kopo, hapa naomba mtulie. Mrututu wa bluu (kopa salfeti) una maji ndani ya chembe zake, moli moja ni gramu 249.68, ule mweupe uliokaushwa ni 159.6. Grupu letu chuoni tulishika kopo la bluu tukapigia hesabu ya mweupe, tulitaka molali 0.2 kwenye gramu 500 za maji tukapima gramu 15.96, rangi ilivutia kweli ila tulikuwa na kama molali 0.13 tu, ikabidi turudie siku nzima. Sahihi ni gramu 24.97, na maji yaliyojificha kwenye hizo chembe ni kama gramu 9, nayo yanahesabika kama kiyeyushi, kwa hiyo unaongeza 491 sio 500. Lebo ikisema usafi ni asilimia 98, gawa gramu zako kwa 0.98.

Na kuna swali linakupa uzito wa myeyusho mzima badala ya maji, mfano gramu 500 za NaCl molali 1. Usizidishe moja kwa moja. Kilo moja ya maji ikibeba gramu 58.44 jumla ni 1058.44, gawa 58.44 kwa hiyo jumla, zidisha kwa 500, unapata chumvi gramu 27.6 na maji gramu 472.4.