Chaja ya mapigo: hasi ya betri uifunge wapi?

Vifaa vingi vya chaja hii mimi naviokota kwenye mabaki: koili ya maikrohenri 220, mosfeti IRF540 (swichi ya kielektroniki yenye miguu mitatu: geti, dreni na sosi), aisi ya 555 inayoiwasha na kuizima mosfeti kupitia geti, dayodi inayopitisha umeme upande mmoja tu, na chaja ya laptop ya volti 19. Ni kwa betri za asidi za volti 12 tu, za pikipiki na za UPS, zilizolala muda mrefu zikaota salfa, yaani ukoko kwenye sahani za ndani. Ya lithiamu usiisogeze hapa.

Michoro mingi inafanana mwanzoni. Chanya ya chaja ya laptop inaingia kwenye koili, koili inakwenda dreni, sosi inarudi hasi. Dayodi inatoka dreni kwenda chanya ya betri. Mosfeti ikiwaka koili inajaa. Ikizimika koili inarusha pigo. Kazi iko kwenye hasi ya betri.

Wengi huifunga kwenye hasi ya chaja ya laptop, maana hasi zote kuwa moja ndiyo tuliyozoea. Lakini volti 19 ziko juu ya betri, kwa hiyo umeme unapita kwenye koili na dayodi mpaka betrini hata mosfeti ikiwa imezimwa. Hapo huna mapigo, una bomba lililoachwa wazi. Funga hivyo kama chanzo chako kiko chini ya betri, tuseme volti 5 au 9.

Mimi naifunga hasi ya betri kwenye *chanya* ya chaja ya laptop. Ndiyo, chanya. Betri inapata teke la koili peke yake. Ufungaji huu umeenea kupitia mashine za John Bedini wa Marekani. Yale madai ya umeme wa bure achana nayo, pima ampea zinazoingia na zinazotoka utajionea. Sharti moja: vua betri kwenye pikipiki, maana hasi yake sasa iko volti 19 juu ya hasi ya chaja. Zikigusana ni shoti.

Wapo wanaojaza kapasita kwanza ndipo waimwage betrini. Pigo ni kubwa, ila unaongeza swichi ya pili inayochemka. Kwa betri ndogo sioni faida.

Sasa waya. Mita moja ya waya ina takriban maikrohenri moja. Ampea 4 zikiruka kwa sehemu ya kumi ya maikrosekunde, waya huo peke yake unadai volti 40, na zote zinaangukia dreni, ambako tayari kuna 33, za chaja na za betri kwa pamoja. IRF540 mwisho wake ni 100. Kwa hiyo waya wa milimita mraba 2.5, urefu wa shibiri, chanya na hasi zisokotwe pamoja. Dayodi iwe UF4007. 1N4007 inachelewa kuzima kwa kazi hii.

Hasi ya 555 ipewe waya wake hadi mguu wa sosi wenyewe, la sivyo geti litachezacheza. Aisi hiyo imetengenezewa mwisho volti 16, basi ilishe kupitia 7812, kidhibiti cha volti 12.

Zima umeme kabla ya kubandua klipu: bila betri, teke lote linaishia kwenye mosfeti, na cheche juu ya gesi ya betri ni hatari. Fanyia kazi penye hewa.

Usiamini mita wakati mapigo yanapita. Pumzisha betri usiku kucha ndipo upime, kisha iwashie taa ya indiketa uone inadumu kiasi gani. Ikiganda kwenye 10.5, seli moja imekufa shoti, iuze chakavu.