Somo: Maneno ya Kiingereza ya hali ya hewa kwa mchezo wa kuanika na kuanua

Mtoto wa Pemba anapoingia skuli huwa anaijua hali ya hewa tayari. Ameshaitwa mara nyingi akimbie kuanua karafuu kabla mvua haijashuka, na anajua kuwa zikirowa huharibika na bei yake hushuka. Anachokosa ni maneno ya Kiingereza tu. Kwa hiyo, mwalimu wa darasa la pili au la tatu hana haja ya kumweleza mvua ni nini. Ampe neno na aliambatanishe na kitendo ambacho mikono yake imekizoea.

Hatua ya kwanza ni kuchagua maneno machache. Napendekeza sita: sunny, rainy, cloudy, windy, hot na cool. Yote yafundishwe ndani ya sentensi kamili, "It is sunny", "It is windy", kwa sababu mtoto anayefikiri kwa Kiswahili huona kuwa jua lipo na mvua inanyesha, na akiachiwa neno moja moja atatunga "The rain is raining". Usimfafanulie sarufi katika umri huu. Aisikie sentensi nzima, aitamke nzima, na itamkaa.

Hatua ya pili ni vitendo bila maneno. Mwalimu aseme sentensi na afanye kitendo chake, na wanafunzi waige kimya kimya. Kulazimishwa kutamka kabla sikio halijazoea ndiko kunakowafanya wengi waogope Kiingereza mapema. Njia hii ya kujifunza lugha kwa kuitikia kwa mwili ilienezwa tangu miaka ya 1960 na James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, na inafaa sana kwa madarasa yetu kwa kuwa haigharimu kitu.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha somo. Wagawe wanafunzi katika vikundi vya watu sita hadi wanane, na kila kikundi kiwe na jamvi au mkeka, pakacha moja, na vijiwe au vifuniko vya chupa vitakavyokuwa karafuu. Mwalimu akisema "It is sunny", kikundi kianike. Akisema "It is rainy", waanue zote na kuzirudisha pakachani. "It is windy" ni kushika pembe za jamvi lisipeperuke, "It is hot" ni kupangusa jasho, na "It is cool" ni kujikunyata. Akisema "It is cloudy", wote wasimame kandoni mwa jamvi, mikono tayari, lakini asiguse mtu.

Hilo neno cloudy lisipitwe haraka. Watoto wanajua kuwa baada ya wingu huenda ikaja mvua, basi hutega masikio kuliko wakati wowote mwingine wa kipindi. Mwalimu alirudie mara mbili, tatu, kisha badala ya mvua aseme "It is sunny". Watakaoanua watakuwa wamekisia, na watakaoanika watakuwa wamesikia. Hapo utajua nani amelipata neno, bila kumwita yeyote ubaoni.

Kikundi kilichokosea kisitolewe mchezoni. Anayetolewa ndiye mwenye haja kubwa ya mazoezi, na kumkalisha pembeni ni kumnyima somo. Kitoe mtu mmoja awe msemaji wa mzunguko unaofuata. Kusema kwa sauti mbele ya wenzake, nao wakamtii, humtia moyo mtoto mwenye haya.

Hatua ya nne ni taarifa ya asubuhi. Kila siku mwanafunzi mmoja atazame nje, kisha atangaze kama watangazaji wanavyosoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: "It is hot and cloudy." Wakati wa masika, Machi hadi Mei, neno rainy litatumika sana, kipupwe kikiingia Juni, cool na windy zitapata nafasi yake, na kaskazi italeta hot. Ndiyo maana taarifa hii iendelee mwaka mzima, hata baada ya mada kwisha kwenye muhtasari.

Maswali ya walimu

Kutoka Micheweni: Assalaamu alaykum, mwalimu. Darasa langu ni kubwa na uwanja tunagawana na madarasa mengine. Nifanyeje?

Wa alaykumu ssalaam, mwalimu mwenzangu. Chezesheni ndani. Meza iwe jamvi na penseli ziwe karafuu. Nusu ya darasa itamke sentensi kwa pamoja na nusu itende, kisha wabadilishane.

Kutoka Mkoani: Nikiuliza "What is the weather like?" wananijibu "I like rain".

Wamejifunza like kwa maana ya kupenda, na hilo si kosa lao. Wiki za mwanzo uliza "Is it sunny?" wajibu ndiyo au siyo kwa Kiingereza, kisha "How is the weather?", ambalo nalo ni swali sahihi. Lile refu lije baadaye, ukilitamka huku ukionesha dirishani.

Kutoka Mjini, Unguja: Watoto wetu hawajawahi kuanika karafuu.

Basi tumia kamba na kanga, au dagaa kwa watoto wa pwani. La lazima ni kitu ambacho jua linakifaa na mvua inakidhuru.

Kutoka Wete: Kitabu chetu kina theluji. Tuifundishe?

Ioneshe kwa picha ya kilele cha Kilimanjaro, chenye urefu wa mita 5,895, waitambue wakiiona. Isiingie kwenye taarifa ya asubuhi, kwani hawatapata siku ya kuitumia.

Kutoka Chake Chake: Bi mwalimu, nitumie rainy au raining?

Yote mawili, kwa zamu. Raining ni mvua inayonyesha sasa hivi. Rainy ni sifa ya siku yenye mvua, hata kama imekatika kidogo. Anza na rainy katika mchezo, halafu subiri siku mvua itakapopiga mabati wakati wa kipindi. Hapo sitisha somo, waelekeze dirishani, na wote waseme "It is raining".