Kutembea na mjukuu bustanini kipindi cha baridi kali
Mtoto mdogo anapoteza joto haraka kuliko wewe, kwahiyo mvalishe nguo nyepesi kadhaa juu kwa juu badala ya koti moja zito, na beba soksi za akiba maana maji atayakanyaga tu. Nusu saa inatosha kabisa. Usimkimbize jamani, mwache achuchumae! Mwonyeshe ndege aliyejitunisha manyoya, pale anazuia hewa ya joto isitoke mwilini, na ule mti unaoonekana kama umekufa mwinamishie tawi ashike machipukizi, yapo tayari yamejifunga yanangoja joto. Theluji ikidondoka idakeni kwenye mkono wa koti jeusi mhesabu ncha za kila chembe, mara nyingi ziko 6, ila msiipumulie itayeyuka. Akianza kutetemeka, rudini ndani.