Jinsi ya kusoma listi ndefu ya riwaya na washkaji bila kuachana njiani

Kwanza kabisa msianze na listi ya vitabu 50, mtachoka mapema. Anzeni na 10 tu, alafu mkiona mnaenda vizuri mnaongeza. Kitabu kimoja kwa mwezi kinatosha, watu wana kazi na watoto bana.

Mpangilio ndo kila kitu. Msianze na Nagona ya Kezilahabi, ni kembamba kweli ila kanavuruga kichwa, sisi tulianza nako na watu wawili wakapotea hadi leo simu hawapokei. Anzeni na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, maana ile Yasmin anavyomkimbia mumewe, mzee Raza, lazima mbishane, kuna atakayemtetea na kuna atakayemlaumu mpaka chai ipoe, na hapo ndo utamu wenyewe. Kisha Rosa Mistika ya 1971, kisha Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Nagona ije mwishoni, isomeni kwa sauti kurasa chache chache.

Vitabu vingine ni vya kusaka kweli, kwahiyo nunueni nakala mbili tatu mzungushiane, anayekaa nayo zaidi ya wiki mbili ananunulia wote soda (mi nshanunua sana). Siku ya kikao kila mtu aje na swali moja na ukurasa aliouwekea alama, sio "mi nimekipenda tu". Ambaye hajamaliza aje hivohivo, ila asizuie watu kuongelea mwisho, na mwenyeji asihangaike na pilau, chai na vitumbua vinatosha.